Watoto wawili kwenye baiskeli: kiti cha mtumba cha Kijapani, keria ya Phoenix, na mdogo wa miezi 11

MamaWawili_Tanga

Habari zenu wadau. Naomba majibu ya wanaoshika spana. "Kuwa mwangalifu" nimeshaambiwa ya kutosha.

Tuko Tanga mjini, baiskeli tunazo mbili. Ya kwanza ni mtumba wa Kijapani, inchi 26, haina bomba la juu, imekuja na kiti cha mtoto nyuma. Breki ya nyuma inapiga kelele hadi majirani wanajua nimerudi. Ya pili ni Phoenix ya kiume, inchi 28, breki za vyuma, na keria nene ya kuchomelea. Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, kilo 14. Mdogo miezi 11, kilo 8.6 kwa kadi ya kliniki ya mwezi huu. Nia yetu ni Jumapili asubuhi kwenda Raskazone na kurudi, kama kilomita 7 zote, halafu huko mbele twende Mapango ya Amboni.

Maswali:

1. Mdogo anaweza kupanda sasa? Nikimfunga mgongoni kwa kanga je?
2. Kiti cha Kijapani nitajuaje kama bado kizima? Stika ni Kijapani kitupu.
3. Fundi wa kuchomelea anasema atampigia mkubwa kiti cha nondo juu ya keria ya Phoenix. Baba yao anasema gharama ya nini, akae kwenye bomba la juu, awekewe mto wa kukalia. Tumsikilize nani?
4. Kofia: mitumba ipo, ila mkubwa ana nywele nyingi na haimkai.

FundiSpoki_Unguja

Dada, naanza na usilouliza: hiyo kelele.

Baiskeli nyingi za Kijapani zina ngoma ya chuma kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, upande wa kushoto, na ukanda unaoizunguka kwa nje. Ukibana breki, ukanda unaikaba ngoma. Ikichakaa inalia. Mtu akichoshwa na kelele anachukua oili anadondoshea, kelele inaisha siku hiyohiyo, na breki nayo inaisha. Ukanda ukishakunywa oili haufuliki, si kwa petroli wala kwa sabuni. Hapo ni kubadilisha breki nzima, na maduka ya vipuri vya mtumba wa Kijapani wanazo. Kwa hiyo muulize aliyekuuzia kama ametia kitu. Breki inayolia ina nafuu kuliko iliyonyamazishwa.

Kipimo ni hiki. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 15, uweke kwenye kiti cha mtoto, uufunge kwa mikanda yake. Sukuma baiskeli kwa mwendo wa kutembea haraka, bana breki ya nyuma peke yake. Gurudumu lisimame na kuburuza. Likiendelea kuzunguka, hata kivivu, mtoto hapandi hadi breki ibadilishwe. Halafu ya mbele peke yake: baiskeli isimame kabla mkono wa breki haujagusa usukani. Ukibana mpaka mwisho, kati ya mkono wa breki na usukani vipite vidole viwili.

Sasa kiti. Hicho Kijapani kisikutishe, tafuta tarakimu tu. Kwenye viti vya nyuma utakuta 22kg na 115cm, vipya vingine vimepanda kidogo juu ya hapo. Viti vya mbele ni 15kg na 100cm. Alama mbili zinazofuata tarakimu zinasema "isizidi". Mkubwa wako wa kilo 14 bado ana nafasi nyuma, ila mpime na urefu, maana mtoto anaweza kuwa mwembamba huku kichwa kimeshavuka mgongo wa kiti.

Uzima wa plastiki: pitisha kidole mahali palipopigwa na jua. Ukitoka na unga mweupe, jua limeshaila. Baada ya hapo fungua kiti chote, usikikague kikiwa juu ya baiskeli. Bolti ni za M6, spana namba 10. Kigeuze, tazama kila tundu la bolti kwa tochi. Ufa wa kuua huanzia ukingoni mwa tundu, mwembamba kama unywele, na kwa juu hauonekani kwa sababu umefunikwa na wosha. Kikiwa na ufa hata mmoja, kitupe. Gundi, waya, kuchomea plastiki kwa bisibisi ya moto, vyote hivyo haviwezi mzigo unaoruka kwenye mashimo. Mwisho, kifunge tena, shika mgongo wa kiti kwa juu, usukume mbele na nyuma kwa nguvu. Kikipiga "tak", rudi kwenye bolti.

Kifungio cha mkanda kifunge na kukifungua mara kumi, kila safari ukivute kwa nguvu. Kikikwama ni mchanga: loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, tikisa, anika kivulini. Oili usiweke hapo pia, inakusanya vumbi.

Bado keria, na hapa ndipo wengi wanaponunua shida. Kiti kinaweza kuwa kizima na keria chini yake si yake. Keria za Kijapani zimegongwa namba kwenye chuma au zina stika: 10, 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Piga hesabu mwenyewe: mtoto hadi 22, kiti karibu 5, jumla 27. Keria ya 18 ni ya kikapu na mkoba. Itambeba mtoto miezi kadhaa bila tatizo lolote, halafu mguu wake mmoja unakatika pale ulipobondwa bapa kupokea bolti. Soma yako utuambie.

Upepo: tairi la inchi 26 la Kijapani mara nyingi limeandikwa ubavuni 300 kPa, yaani kama 44 kwa pampu inayosoma psi. Ukiwa na mtoto nyuma jaza hadi hapo, usibonyeze kwa kidole ukasema "limejaa". Tairi legevu likigonga ukingo wa shimo, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu pacha hivyo, usitafute msumari. Ni upepo haukutosha.

La kiti cha nondo nitarudi.

Nesi_Watoto

Mama, namba moja na namba nne ni zangu.

Mdogo asubiri. Mwaka mmoja ndio mwanzo, na hata ukitimia tazama shingo kuliko kalenda. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito mno ukilinganisha na mwili, na misuli ya shingo bado inajifunza kukishika. Unaongeza kofia ya kama gramu 250, halafu unamweka juu ya ekseli ya nyuma ambako kila shimo linampata moja kwa moja. Jipime hivi nyumbani: akae chini bila kuegemea, kofia kichwani, dakika 20 huku anacheza. Kichwa kikianza kuinama mbele au kulala upande, bado. Kama alizaliwa kabla ya wakati, hesabu mwaka kuanzia tarehe aliyotarajiwa, siyo aliyozaliwa.

Kanga mgongoni ni nzuri kwa kutembea. Kwenye baiskeli ina matatizo matatu. Hakuna kofia inayokaa mtoto akiwa ameulaza uso mgongoni kwako. Mwendeshaji akianguka huangukia ubavu au mgongo, na hapo katikati yupo mtoto. Halafu kanga yenyewe hulegea kwa mwendo wa kukanyaga pedali, na pindo linaloning'inia likifika kwenye gurudumu linavutwa lote. Hilo la pindo linakuhusu na wewe ukivaa dera au baibui: kusanya, funga kiunoni, hakikisha hakuna kitambaa nyuma ya tandiko.

Kwa Jumapili za mwanzo, mmoja wenu aende na mkubwa kwa baiskeli, mwingine na mdogo kwa bajaji, mkutane Raskazone.

Kofia. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kichwa sentimita moja na nusu hivi juu ya nyusi, upite nyuma palipobenuka. Hiyo namba ndiyo unayoitafuta ndani ya kofia, kwa mfano 46–52. Ndani pia pawe na EN 1078, namba ya kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli. Kuna za EN 1080 zinakuja kwenye marobota, kifungio chake mara nyingi ni cha kijani. Hizo zimetengenezwa zijifungue zenyewe mtoto akinasa kwenye bembea, asinyongwe. Kwenye baiskeli hutaki inayojifungua. Kofia ya mtumba ichunguze povu la ndani: likiwa na mstari wa ufa au mbonyeo, ilishafanya kazi yake kwa mtoto mwingine.

Nywele ndizo zinaharibu. Mabutu, rasta za kubana juu na shanga vinaipandisha kofia ikae kama kifuniko cha sufuria. Msuke twende kilioni, mistari iende nyuma, mwisho ufungwe chini kwenye kisogo. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio kama herufi V, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Mwambie apige miayo: akipanua mdomo, aisikie kofia inamvuta utosini.

Angalia na kiti chenyewe. Vingine mgongo wake umenyooka hadi juu, na kofia ikigusa nyuma inausukuma uso mbele, kidevu kinaenda kifuani. Kiti kizuri kina shimo au mbonyeo pale kisogo kinapokaa. Mtoto akilala njiani, simama. Akilala kwa namna hiyo njia ya hewa inajikunja.

Joto: nyie mnakanyaga na kupata upepo, yeye amekaa nyuma ya mgongo wako ambako upepo haufiki, mapaja yakitazama jua. Tokeni saa 12 na nusu, mrudi kabla ya saa 3. Maji kila mnaposimama. Kiti kikiwa kimesubiri juani, gusa chuma cha mkanda kwa kiganja chako kabla hakijamgusa yeye. Na asipewe karanga, pipi wala mahindi ya kuchoma akiwa kwenye kiti. Akipaliwa nyuma yako hutamwona.

Mzee_wa_Chuda

Mnamtisha mama wa watu. Hapa Tanga watoto wanapakiwa kwenye bomba tangu Waingereza hawajaondoka. Mto, kamba, twende. Na mbele unamwona, nyuma humwoni.

FundiSpoki_Unguja

Mzee wangu, shikamoo. La kumwona una haki. Shida ya bomba ni miguu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo shida ya keria pia.

Simama kando ya baiskeli uzungushe gurudumu la nyuma kama linavyokwenda barabarani. Sehemu ya juu inakimbilia mbele. Sasa mtoto amekaa kwenye keria, miguu inaning'inia, kisigino kinagusa spoki. Spoki zinakishika na kukipeleka mbele, na mbele yake kuna bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye tandiko hadi ekseli. Mguu unakwama kati ya spoki na bomba hilo kama muwa kwenye mashine ya juisi. Mwendeshaji anahisi baiskeli imekuwa nzito tu, na la kwanza analofanya ni kukanyaga zaidi.

Kwenye bomba la juu miguu inaelekea gurudumu la mbele. Ncha ya mguu ikiingia nyuma ya uma, spoki zinaipandisha na kuibamiza kwenye uma wenyewe. Tofauti ni kwamba gurudumu la mbele likisimama ghafla, baiskeli haisimami, inapinduka. Mtoto anatangulia, mtu mzima anamwangukia. Mto hauzuii hata moja kati ya hayo, na kamba inamfunga kwenye kitu kinachopinduka.

Basi mama, swali la 3: baba yao hapana, na fundi wa kuchomelea kwa masharti.

Keria yenyewe ya Phoenix ikiwa imetengenezwa vizuri ina nguvu kuliko ya Kijapani. Cha kuangalia ni kama miguu yake inafika kwenye ekseli pande zote mbili, au imening'inizwa juu kwenye bomba la tandiko. Iliyoning'inizwa usiitumie kwa mtu. Inayofika kwenye ekseli, tazama alipochomelea. Mara nyingi ufa hautokei kwenye mshono wenyewe. Unatokea nusu sentimita pembeni yake, pale chuma kilipopata moto kikabadilika, hasa kama ametumia bomba jembamba. Futa kutu na rangi kwa msasa mahali hapo, pakaza oili nyepesi, pangusa, halafu ruka juu ya keria mara kadhaa. Kama kuna ufa, oili itachomoza kwa mstari mweusi.

Kiti cha nondo kikiwa na haya, nakubali: mgongo unaofika juu ya kichwa cha mtoto, na mbavu pande zote mbili, mahali pa kukanyaga penye ukuta wa ndani na kamba juu ya mguu, mkanda wa mabega mawili pamoja na wa katikati ya mapaja. Mkanda wa kiuno peke yake haufai, mtoto anateleza chini yake hadi unamfika shingoni. Uzito wake ukae mbele ya ekseli ya nyuma, au ukizidi nyuma usipite sentimita 10, la sivyo usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inataka kunyanyua pua ukipanda kilima. Na kifungwe kwenye keria kwa bolti na nati zenye nailoni ndani. Asichomelee chochote kwenye fremu ya baiskeli.

Ukishamlipa kwa hayo yote na kuweka godoro, umekaribia bei ya kiti cha mtumba cha plastiki. Mimi ningetafuta kiti. Nondo ni nondo, kichwa kikiigonga.

Kwa vyovyote vile, ziba gurudumu. Kata ubavu wa dumu la lita 20, lile la mafuta ya kula, upate kipande cha nusu duara. Kianzie kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tandiko, kipite usawa wa ekseli, kiishie sentimita 30 nyuma yake, juu kifike kwenye keria. Ukingo ukatie ndani kidogo ya bomba, na uuchome kidogo kwa kiberiti upoteze makali. Toboa matundu jozi-jozi kila sentimita 10, funga kwenye bomba, keria na vyuma vya madigadi kwa vibano vya plastiki vya mafundi umeme. Kati ya plastiki na spoki ibaki nafasi ya kidole. Upande wa kulia ni lazima, na upande wa kushoto pia ni lazima, maana wengine huziba upande wa cheni pekee kama vile mtoto ana mguu mmoja.

Phoenix ina jambo lake jingine: springi za tandiko. Vidole vya mtoto aliyekaa nyuma viko palepale zinapobana. Funga kipande cha tyubu kuu-kuu kuzunguka springi zote mbili, au kata chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa urefu uivishe.

Na breki za vyuma rimu zikilowa, usitegemee. Mvua ikianza, mtoto anashuka.

Nesi_Watoto

Naongeza moja tu kwenye la spoki. Ikitokea, usirudishe gurudumu nyuma kuuvuta mguu, unachubua mara ya pili. Mtu mmoja amshike mtoto, mwingine akate spoki kwa koleo au afungue gurudumu. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa viacheni.

Kidonda cha spoki kinadanganya. Siku ya kwanza unaona mchubuko kisiginoni, mtoto kanyamaza, mnarudi nyumbani. Ngozi iliyobanwa huendelea kufa ndani ya siku mbili tatu, na pale nyuma ya kisigino haina nyama chini yake, kuna kano nene tu. Apelekwe siku hiyohiyo, apigwe eksirei ya mguu hata kama anatembea, na kidonda kitazamwe tena baada ya saa 48. Nendeni na kadi ya kliniki, wataangalia chanjo ya pepopunda.

Mpwani_Utrecht

Salaam kutoka Uholanzi. Huku sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 8 akae kwenye kiti chenye egemeo la mgongo, la mikono na la miguu. Ujerumani wanasema mwendeshaji awe na miaka 16 au zaidi na miguu ya mtoto ikingwe dhidi ya spoki. Ni yaleyale aliyosema fundi, tofauti ni kwamba huku polisi wanayajua.

Kwa mzee wa Chuda: kiti cha mbele kipo, kile halali, na kina faida moja kubwa ambayo haitajwi sana. Mtoto anakaa katikati ya magurudumu mawili, tuta halimpigi kama aliye juu ya ekseli. Mwisho wake ni kilo 15, kwa hiyo ni cha mdogo akishatimiza mwaka na kufika kilo 9, kiwango cha chini ambacho viti vingi vya Ulaya vimeandikiwa. Kwa mkubwa wa kilo 14 ni kupoteza pesa. Mkitafuta cha Kijapani cha kufunga kwenye usukani, kumbukeni magoti: mwendeshaji atataka kuunyanyua usukani ili apate nafasi. Shina la usukani lina mstari uliochorwa wa kikomo. Mstari ukionekana juu ya fremu, umezidisha, shina linaweza kuvunjika.

Na kuendesha kwenyewe. Watoto hawaanguki baiskeli ikiwa mwendoni tu, wengi wanaanguka ikiwa imesimama, na stendi ndiyo inayosingiziwa. Kilo 14 juu ya kiti, pale juu, mtoto akigeuka kumtazama mbuzi, baiskeli inalala. Basi: vitu vyote vipakiwe kwanza, kofia ivaliwe chini, mtoto apandishwe mwisho. Kufika, mtoto anashuka kwanza kabla hujagusa kikapu. Apandishwe kutoka kushoto, huko kwenu ndiko kuliko ukingo wa barabara. Kiti kiwe kitupu au la, mtoto awe amefungwa au la, mkono mmoja haubanduki kwenye baiskeli, na tandiko limeegemea nyonga yako. Hata ile stendi ya miguu miwili ya Kijapani inayojifunga, ichukulie kama msaidizi wa kupakia tu.

Kupanda, hutaweza kurusha mguu nyuma kama ulivyozoea, utampiga mtoto teke la uso. Kwenye ya Kijapani pitisha mguu mbele, hapo palipo chini. Kwenye Phoenix ya kiume hupiti mbele kirahisi: baba ailaze baiskeli upande wake, apitishe mguu juu ya bomba, asimame imara, halafu mtu wa pili ndiye ampandishe mtoto. Kwa maneno mengine Phoenix inahitaji watu wazima wawili kila mnaposimama. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya nimpeleke mkubwa kwa Kijapani.

Fanyeni mazoezi kwa ule mfuko wa mchele, asubuhi mbili, kwenye kiwanja: kuondoka, kusimama, kukata kona kali, kutazama nyuma bila kuyumba. Kuondoka ndiko kugumu. Weka gea nyepesi kabla hujasimama, na kama haina gea anza kwa kuketi, pedali ikiwa juu, usisimame kwenye pedali.

Matuta: kunyanyuka kwenye tandiko kunakuokoa wewe, mtoto hakumsaidii kitu. Punguza hadi mwendo wa kutembea. Rasta za barabarani, vile vituta vidogo vinavyofuatana, ni mbaya zaidi kuliko tuta moja, mtetemo wake ni mfululizo, bora ushuke usukume.

Kigari cha kuvuta nyuma, kama mtashawishika kukiagiza: kwenye njia za peke yake za baiskeli ni kizuri sana. Kwenye barabara yenye bodaboda sikipendi. Ni kipana kuliko baiskeli, kiko chini kuliko macho ya dereva, gurudumu moja likiingia shimoni kinapinduka, na mtoto anavuta vumbi na moshi kwa kimo cha ekzosti. Ndani ya turubai lake jua la Tanga litamchemsha.

Amboni je? Barabara ya kwenda Horohoro ina malori. Lori likikupita karibu, upepo wake unakusukuma nje kwanza kisha unakuvuta ndani, na baiskeli yenye uzito juu nyuma inajibu kwa kuchelewa. Watoto waende kwa gari, nyie mkitaka pandeni baiskeli.

MamaWawili_Tanga

Nashukuruni sana, Mungu awabariki. Nimekaa na tochi na spana leo jioni, matokeo ni haya.

Stika ya kiti: 22kg, 115cm. Mkubwa ana sentimita 98. Hakuna unga mweupe, matundu ya bolti yote manne sijaona ufa. Kifungio kilikuwa kinakwama, nimekiloweka.

Breki: mfuko wa kilo 15, nyuma ilisimama na kuburuza, kelele ileile. Muuzaji anaapa hajatia oili, na kwa kelele hii namwamini.

Keria: imegongwa 18. Nimerudia kusoma mara tatu. Na miguu yake ni myembamba, ile ya chini imebondwa kama fundi alivyosema.

Sasa kiti kizima, keria mbovu. Nibadilishe nini, na je, nikifunga waya wa ziada kati ya kiti na fremu itatosha?

FundiSpoki_Unguja

Keria si mbovu dada, imepewa kazi ya mwenzake. Kiti hicho kimewekwa hapo na muuzaji, kimetoka kwenye baiskeli nyingine. Inatokea sana, kiti kinauza baiskeli.

Waya hautoshi. Waya unazuia kiti kisiende mbali kikishaanguka, haupunguzi kilo kwenye mguu wa keria.

Nenda wanapouza mtumba wa Kijapani, tafuta baiskeli iliyokufa ya inchi 26 yenye keria ya 27. Utaijua kabla hata ya kusoma: bomba lake ni nene, na miguu haifungwi kwenye kijitundu cha fremu kwa bolti ndogo, inaingia kwenye ekseli yenyewe chini ya nati kubwa. Chukua na wosha zake na kipande cha mbele kinachoishika fremu chini ya tandiko, vyote pamoja. Ukichukua keria bila kipande hicho utaishia kukunja bati.

Kufunga: spana namba 15 kwa ekseli. Kabla hujalegeza chochote, piga picha ya simu pande zote mbili, kwa sababu upande wa kushoto kuna mkono wa breki ya ngoma, na bolti inayoushika kwenye fremu isisahaulike. Ikisahaulika, ukibana breki, breki yote inazunguka pamoja na ngoma na kukata waya. Mpangilio kwenye ekseli kutoka ndani kwenda nje ni fremu, stendi, vyuma vya madigadi, mguu wa keria, wosha, nati. Nati ikifika mwisho, uzi wa ekseli uchomoze angalau sawa na uso wa nati. Usipochomoza, vyuma vimekuwa vingi: hamishia vya madigadi kwenye kijitundu kilichoachwa wazi na keria ya zamani.

Vuta gurudumu nyuma cheni ikaze, katikati icheze kama sentimita moja hadi moja na nusu, kaza nati kwa zamu kulia na kushoto. Kiti kirudi juu na nati mpya zenye nailoni, za zamani ukishazifungua hazishiki tena vizuri. Halafu mfuko wa mchele tena, kilomita 2 kwenye barabara mbovu kiasi, urudi ukaze kila kitu upya. Utashangaa, robo ya mzunguko karibu kila bolti itakubali.

Ukiwa hapo, pita spoki za nyuma kwa kidole kama gambusi, zote. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Zinazovunjika kwanza ni za upande wa cheni, pale zinapojikunja kuingia kwenye haba.

MamaWawili_Tanga

Nimeelewa. Kesho naenda kutafuta keria. Jumapili hii tunakwenda Raskazone kwa bajaji wote wanne.

Mzee_wa_Chuda

Mama, ukikosa keria huko mjini niandikie huku. Kuna baiskeli mbili za Kijapani zimekufa nyuma ya nyumba ya jirani, moja namba yake naiona kutoka hapa: 27. Na mwambie baba watoto ule mto auweke kwenye kiti.

FundiSpoki_Unguja

Mto usiwe mnene mzee, unamnyanyua mtoto na mikanda inakosa mabega. Sponji ya sentimita 2 inatosha.